Shamba la Kuazima: Agronome na Amani ya Majirani

Somo kwa familia zilizohama, familia zinazozipokea, na viongozi wa vijiji



Wazee wetu walisema: «Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.» Familia nyingi za Kivu zimeifuata methali hii bila kusukumwa na mtu. Zimepokea ndugu, na hata watu wasiowajua, zikagawana nao nyumba, chumvi na maji, kisha zikawapa jembe. Lakini methali haisemi jembe hilo litalima shamba la nani, kwa muda gani, na mavuno yatagawanywa namna gani. Hapo ndipo ugomvi unapoingia.

Katika somo hili tunaongea juu ya mtu tunayemsahau mara nyingi tunapotafuta amani kijijini: mtumishi wa kilimo, yule tunayemwita agronome. Yeye si askari wala hakimu. Lakini anajua jambo ambalo watu wengi hawalifikirii siku wanapopatana: zao hili litakaa ardhini miezi mingapi.

Mwisho wa somo, tunatumaini kila msomaji ataweza:
- kueleza kazi ya agronome na mipaka ya kazi hiyo;
- kuchagua mazao kulingana na muda aliopewa shamba;
- kufanya mapatano yaliyo wazi kabla ya kupanda;
- kupambana na magonjwa ya mazao pamoja na majirani, bila kushitakiana.

1. NENO MOJA, MAANA MBILI

Tuchukue mfano. Si habari ya kijiji fulani, lakini viongozi wengi wataitambua.

Mama mmoja alikimbia vita pamoja na mume wake na watoto watano. Alifika katika kijiji cha milimani mwezi wa pili, wakati mvua za msimu B zinaanza. Mzee mmoja mwenyeji akamwonea huruma, akamwonyesha kipande cha shamba kando ya migomba yake.

— Mzee, nitakulipa nini? Sina kitu.

— Mama, lima tu. Utaniletea kikapo kimoja cha maharagi. Kaa humo mpaka utakapovuna.

— Aksanti, Mzee. Mungu akuongezee.

Hapakuwa na shahidi wala karatasi. Wote wawili walilala na roho safi.

Mama akapanda maharagi. Katikati ya mistari akachomeka mihogo, kama alivyozoea kwao. Mwezi wa tano akavuna maharagi, akapeleka kikapo. Mzee akafurahi, akajua kwamba mapatano yamekwisha. Mwezi wa tisa, mvua za msimu A ziliporudi, alikuja na vijana wake kulima shamba lake. Akakuta mihogo imefika kiunoni.

— Mama, nilisema mpaka uvune. Umekwisha kuvuna.

— Mzee, nilivuna maharagi. Mihogo bado. Nikiing'oa leo, watoto watakula nini?

Mzee aliona kwamba mgeni anataka kumnyang'anya shamba. Mama aliona kwamba mwenyeji anataka kula jasho lake. Vijana wa mzee waling'oa mistari miwili ya mihogo. Usiku ule ule migomba mitatu ya mzee ikakatwa. Asubuhi watu hawakusema tena «yule mzee» na «yule mama». Walisema «sisi» na «wao», na majina ya makabila yakaanza kutajwa.

Ukichunguza vizuri, hakuna aliyesema uwongo. Neno lilikuwa moja, «mpaka utakapovuna», lakini kila mmoja alilisikia na zao lake kichwani. Mzee alifikiri maharagi, yaani miezi mitatu. Mama alifikiri mihogo, ambayo milimani inaweza kuhitaji mwaka mmoja na nusu. Kama agronome angekuwapo siku ile ya kwanza, angeuliza swali moja fupi: «Mtapanda nini humu?»

2. AGRONOME NI NANI?

Katika nchi yetu ya Kongo, kazi ya kilimo ya serikali imepangwa kwa ngazi. Kwenye jimbo kuna ukaguzi wa kilimo, uvuvi na ufugaji. Kwenye teritware kuna mkaguzi wa kilimo. Katika sheferi au sekta kuna agronome, na chini yake, karibu zaidi na wakulima, kuna monitere wa kilimo. Majirani zetu wa Tanzania na Kenya wamezoea kumwita mtumishi wa namna hii «bwana shamba». Huko Kenya, tangu mwaka 2013, kazi hiyo imekuwa chini ya serikali za kaunti, ili ofisi iwe karibu na mkulima. Majina ni tofauti, lakini kazi ni moja: kuleta ujuzi mpaka shambani, na kurudisha matatizo ya mkulima mpaka ofisini na kwa watafiti.

Kazi yake ni hii:
- kufundisha namna ya kupanda, kupalilia, kutunza udongo na kuhifadhi mavuno;
- kutambua magonjwa ya mazao na kutoa habari mapema;
- kuonyesha mbegu safi zinapatikana wapi;
- kupima mashamba na kukadiria mavuno au hasara;
- kuandika ripoti ya msimu, ambayo mashirika pia huiuliza kabla ya kuleta msaada.

Lazima tuseme pia kile ambacho si kazi yake. Agronome hagawi ardhi. Hawezi kuamua kwamba shamba ni la fulani. Jambo hilo ni la viongozi wa desturi, ofisi ya ardhi na tribinali. Kiongozi anayemwomba agronome aamue nani ni mwenye shamba anamweka katika hatari, na anaharibu msaada mzuri ambao angeweza kuutoa. Maneno yake yanapokelewa na pande zote kwa sababu anaongea juu ya mmea na udongo, hamtetei mtu.

Tuseme ukweli mwingine. Maagronome wengi hawana pikipiki, na mshahara huchelewa au haufiki. Wengine wao wamekimbia vita kama ninyi. Ndiyo sababu kijiji kisingoje tu mpaka aje. Kamati inaweza kumwendea, kukusanya wakulima wengi siku moja ili safari yake moja isaidie watu hamsini, na kumpa chakula na malazi. Lakini jambo hili lifanyike mbele ya watu wote. Anayelipwa kwa siri na upande mmoja hawezi tena kuwa shahidi wa pande mbili.

3. KWA NINI WAZEE WENGINE HAWAMWAMINI

Kijana anaweza kushangaa akiona babu yake ananyamaza agronome anapofika. Babu ana sababu. Tangu mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa na wakubwa. Kazi hiyo ilihesabiwa siku 60 kwa mwaka. Katika vita vikuu vya pili, mwaka 1942, ilipandishwa mpaka siku 120. Agronome wa siku zile alikuja kukagua, na aliyekuwa hakulima aliweza kutozwa faini au kufungwa. Baadaye, wakati wa Mobutu, salongo ya lazima iliwakumbusha watu mambo yale yale.

Kwa hiyo kiongozi asiseme: «Agronome ameamuru.» Aseme: «Agronome ametushauri, tujaribu kwenye mistari michache, tuone.» Shamba dogo la majaribio, karibu na njia ambapo kila mtu anapita, linafundisha kuliko hotuba. Na waitwe akina mama. Wao ndio wanaoshika jembe siku nyingi zaidi, lakini mara nyingi mafunzo yanafanyika saa ambazo wako mtoni au sokoni, na mwaliko unapelekwa kwa waume.

4. ZAO NA MUDA WAKE

Hapa ni moyo wa somo letu. Anayeazima shamba anaazima muda. Kabla ya kupanda, ajue zao linaomba muda gani. Hesabu hizi zinabadilika kidogo kulingana na mbegu, mvua na mwinuko wa mlima, kwa hiyo mwulizeni agronome wa mahali penu. Lakini kwa kawaida ni hivi:
- Lengalenga: karibu mwezi 1 kuanza kuchuma.
- Maharagi mafupi: karibu miezi 3.
- Maharagi ya kukwea miti: miezi 3 na nusu mpaka 4, na zaidi kidogo kwenye baridi.
- Mbatata: miezi 3 mpaka 4.
- Viazi vitamu: miezi 4 mpaka 6.
- Mahindi: miezi 4 kwenye joto, mpaka 6 milimani.
- Mihogo: karibu miezi 12 kwenye joto, na 18 au zaidi milimani.
- Migomba: zaidi ya mwaka 1 kupata mkungu wa kwanza, kisha inaendelea miaka mingi.
- Kahawa: karibu miaka 3 kupata mavuno ya kwanza.

Desturi zetu zinajua tofauti hii. Katika Bushi, kwa mfano, kuna bwasa, ambayo ni kuazima shamba kwa muda mfupi, na kuna kalinzi, ambayo inampa mtu haki ya kudumu mbele ya mkubwa wa ardhi. Aliyepewa shamba kwa bwasa haruhusiwi kupanda migomba au kahawa. Sababu yake si uchoyo. Mmea unaokaa miaka mingi ni kama alama ya mwenye shamba. Mwenyeji anayeona mgeni anachimba shimo la mgomba anasikia: «Sitatoka hapa.» Mgeni anaweza kuwa anafikiria tu ndizi za watoto.

Mihogo iko katikati. Si mti wa miaka mingi, lakini si zao la msimu mmoja. Ndiyo sababu inaleta ugomvi mwingi. Kama umepewa msimu mmoja tu, panda maharagi, mbatata, viazi vitamu au mboga. Kama unahitaji mihogo na sombe, iombe kwa jina lake: «Mzee, ninaomba kupanda mihogo, na agronome anasema hapa itachukua miezi 18.» Mwenye shamba akikataa, umeepuka hasara. Akikubali, anajua alichokubali.

Kuna pia hofu ya udongo. Mwenyeji anaogopa kwamba mgeni atauchosha udongo halafu aende zake. Mgeni naye anasema: «Kwa nini nitie mbolea katika shamba ambalo nitanyang'anywa?» Wote wawili wanasema kweli, na udongo ndio unaoumia. Hapa agronome anaweza kufungua mlango. Maharagi yanasaidia kuurudishia udongo nguvu, hasa majani na mashina yake yakiachwa shambani. Mistari inayokata mteremko, na mitaro ya kuzuia maji ya mvua, inalinda shamba kwa faida ya mwenyewe. Basi mgeni aahidi kutunza mitaro na kuacha mabaki ya mazao, na mwenyeji aahidi misimu miwili badala ya mmoja. Kila mmoja amepata kitu bila mwingine kupoteza.

5. MAPATANO KABLA YA JEMBE

«Mali bila daftari hupotea bila habari.» Mapatano hayahitaji karatasi nyingi. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ulioandikwa katika lugha ambayo wote wanaielewa na kusomwa kwa sauti mbele yao. Yaandikwe mambo haya:
1. Majina ya mwenye shamba na ya anayelima, mume na mke pande zote mbili, ili mmoja akifa au akisafiri mapatano yasife.
2. Shamba liko wapi na mipaka yake ni nini: mto, njia, mti, jiwe. Agronome au monitere anaweza kulipima kwa kamba au kwa hatua.
3. Mazao yanayoruhusiwa, kila moja kwa jina lake.
4. Siku ya kuanza na mwezi wa kurudisha. Msiandike «mpaka mavuno». Andikeni mwezi na mwaka.
5. Malipo: kikapo, kilo, feza au siku za kazi. Kama ni kikapo, kikapo cha ukubwa gani? Kama ni siku za kazi, ni ngapi?
6. Itakuwaje vita vikirudi au mvua ya mawe ikiharibu mazao? Nani atavuna kwa niaba ya aliyekimbia?
7. Nani ataitwa kwanza kama kuna shida, kabla ya mtu yeyote kugusa mmea wa mwenzake?

Mashahidi watie kidole au sahihi: mmoja wa upande wa wenyeji, mmoja wa upande wa waliohama, na mkubwa wa kijiji. Daftari ya pili ikae kwa kamati ya amani. Tuseme wazi kwamba karatasi hii si hati ya umiliki. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, na vijijini watu wanaendelea kuigawa kwa desturi. Ukurasa wa daftari haubadilishi jambo hilo. Unaandika tu nani alikubali nini kwa muda gani. Mwenyeji asiogope kutia sahihi, na mgeni asiitumie kudai shamba baadaye.

Je, wale wawili wa mfano wetu wanaweza kupatanishwa, hata kama wamechelewa? Ndiyo. Kamati imwite agronome atazame mihogo na kusema imebakiza miezi mingapi, na mistari iliyong'olewa ilikuwa na thamani gani. Mzee anaweza kuchukua sasa sehemu iliyokwisha kung'olewa, apande maharagi yake ya msimu A. Mama abaki na sehemu nyingine mpaka mwezi uliotajwa, na mihogo ikikomaa ampe mzee fungu walilokubaliana pamoja na vijiti vya mbegu. Migomba iliyokatwa ihesabiwe pia, na aliyekata alipe. Mapatano ya namna hii hayatoki kwa agronome. Yanatoka kwa wao wenyewe. Yeye analeta hesabu, na hesabu inapunguza hasira.

6. UGONJWA HAUJUI MPAKA

Kuna shitaka lingine linalotisha: «Tangu hawa wageni wafike, migomba yetu inakufa. Wametuloga.»

Ugonjwa huu wa mnyauko wa migomba unaletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, aina ya bakteria. Ulijulikana kwanza Etiopia. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na katika mwaka huo huo Masisi, Kivu ya Kaskazini. Baadaye ukafika Rwanda, Tanzania, Kenya na Burundi. Haukuchagua kabila wala nchi.

Dalili zake ni hizi: majani yanakuwa manjano na kunyauka kama yamepigwa na moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, bila mpango, ukikata ndizi, ndani kuna rangi ya kutu, ukikata shina, linatoa usaha wa manjano. Unaenea kwa njia ya panga lililokata mgomba mgonjwa, kwa wadudu wanaotembelea ua la dume, kwa machipukizi yanayochukuliwa kwenye shina gonjwa, na kwa mbuzi wanaokula mabaki yake.

Ndugu, tusikilize vizuri, kwa sababu hapa kuna ukweli ndani ya shitaka. Mtu aliyehama hutafuta kazi ya siku. Leo anakata majani kwa fulani, kesho kwa mwingine, na panga ni lile lile. Kama panga halikusafishwa, linaweza kubeba ugonjwa kutoka shamba mpaka shamba. Lakini panga la mwenyeji linabeba vilevile, na vijana waliokwenda usiku kukata migomba ya mzee wanaweza kuwa walieneza ugonjwa mpaka kwenye mashamba ya baba zao. Tatizo liko kwenye panga chafu, si kwenye damu ya mtu. Uchawi hauna dawa ya kujadiliana, lakini panga linaweza kusafishwa.

Zamani shauri lililotolewa lilikuwa kung'oa shina zima na machipukizi yake yote, kisha kuacha ardhi miezi mingi. Ilikuwa kazi ngumu mno, hasa kwa wajane na wazee, na wengi walificha ugonjwa ili shamba lao lising'olewe. Baadaye utafiti uliofanywa hapa kwetu Kivu, pamoja na watafiti wa INERA, ulionyesha njia nyepesi zaidi, kwa kuwa machipukizi yote ya shina moja hayaambukizwi:
- Kata mgomba unaoonyesha dalili tu, usawa wa ardhi, mara tu unapouona. Using'oe mizizi.
- Zunguka shamba kila juma. Kila mgonjwa mpya akatwe.
- Safisha panga kwa moto mpaka chuma kiwe moto sana, au kwa maji yenye jiki, kila unapotoka kwenye mgomba mmoja kwenda mwingine.
- Ondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu chana la mwisho linapotokea.
- Usichukue machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Funga mbuzi.

Njia hii inafaulu kama majirani wote wanaifuata. Mmoja akikataa, shamba lake linabaki ghala la ugonjwa kwa mtaa mzima. Kwa hiyo siku ya kuzunguka mashamba iwe moja kwa wote, wenyeji na waliohama pamoja, na kila kikundi kiwe na moto wake wa kusafisha mapanga. Watu waliozunguka pamoja mashamba ishirini hawapati shida kuongea juu ya la ishirini na moja.

Mihogo nayo ina ugonjwa wa mozaiki: majani yanakuwa na madoa ya manjano, yanajikunja na kuwa madogo. Unaenezwa na inzi weupe wadogo, na zaidi na sisi wenyewe tunapopanda vijiti vya mmea mgonjwa. Unapoomba mbegu kwa jirani, chagua mmea wenye majani safi kabla ya kukata. Chukua sehemu ya katikati ya shina, vijiti vya sentimita 20 mpaka 30. Ukipanda mita 1 kwa mita 1, hekta moja inataka vijiti 10.000. Zawadi ya vijiti safi ni zawadi kubwa, na ile ya vijiti vigonjwa inaweza kuvunja urafiki.

7. NENO KWA VIONGOZI NA MASHIRIKA

Msaada wa mbegu na majembe unaweza kujenga au kubomoa. Wakipewa waliohama peke yao, mwenyeji ambaye amegawana nao chakula tangu siku ya kwanza atauliza: «Na mimi?» Wakipewa wenyeji peke yao, mgeni atabaki kibarua siku zote. Agronome ana ripoti ya nani analima nini. Itumiwe kutayarisha orodha ya pande zote mbili, na orodha isomwe mbele ya watu kabla ya siku ya ugavi. Mbegu zifike kabla ya mvua, kwa sababu mbegu inayochelewa inaliwa, na ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa mwenye njaa. Shirika linaloleta mbegu ya mihogo liulize kwanza kama wanaopewa wana shamba kwa miezi 18.

8. KWA WANAORUDI NYUMBANI

Mwaka 2025, baada ya mji wa Goma kuchukuliwa na M23 mwezi wa kwanza, kambi zilizouzunguka zilivunjwa mwezi wa pili, na familia nyingi zikajikuta njiani kuelekea vijiji ambavyo ziliviacha miaka iliyopita. Anayerudi anaweza kumkuta mtu mwingine shambani mwake. Huyo naye anaweza kuwa amekimbia kutoka mahali pengine, na amekwisha kupanda.

Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema kwamba mali waliyoiacha ilindwe isiharibiwe wala isichukuliwe ovyo. Shamba lako ni lako hata kama ulikimbia. Lakini mmea ulio ndani unaweza kuwa jasho la mtu mwenye njaa kama wewe. Kabla ya kung'oa, mwite mkubwa wa kijiji athibitishe shamba ni la nani, na mwite agronome aseme mmea huu utakomaa lini. Mara nyingi jibu litakuwa wiki chache tu, na kungoja wiki sita ni rahisi kuliko kuzika mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni somo hili katika kikundi chenye wenyeji na waliohama pamoja. Kisha mjibu:
1. Katika kijiji chetu, mtu akisema «lima mpaka uvune», kila mmoja wetu anaelewa nini? Wenyeji waseme kwanza, kisha waliohama, bila kukatana maneno.
2. Ni mazao gani yanayoogopwa kupandwa katika shamba la kuazima? Kwa nini?
3. Agronome au monitere wetu ni nani, na yuko wapi? Nani atamwendea, na lini?
4. Je, tuna mapanga ngapi yanayozunguka mashamba mengi? Tutayasafisha namna gani?
5. Tuandike pamoja, kwenye ukurasa mmoja, mapatano ya mfano kwa ajili ya msimu unaokuja.

Wapendwa, hatuna uwezo wa kuamua vita vitakwisha lini. Lakini tuna uwezo wa kuandika mwezi na mwaka kwenye daftari, na kupitisha panga kwenye moto. Kabla ya mvua kuanza, mwiteni mtumishi wa kilimo, kaeni chini pande zote mbili, na muulizane swali lile fupi: «Mtapanda nini humu?»

Amani iwe nanyi na mashambani mwenu.